Msamaha kwa Kiongozi Asiyetaka Kung'atuka

Tarehe 30 Novemba 2025 ofisi ya Rais wa Israel mjini Jerusalem ilitangaza kwamba imepokea maombi ya kurasa 111 kutoka kwa wakili Amit Hadad. Mteja wake, Waziri Mkuu Benjamin Netanyahu, alikuwa anaomba asamehewe mashtaka ya rushwa kabla mahakama haijasema kama ana hatia au hana. Ndani ya kurasa hizo hakukuwa na kukiri kosa, hakukuwa na majuto, wala ahadi ya kuacha siasa. Hoja yake ilikuwa kwamba kesi inaligawa taifa, kwamba nchi iliyotoka vitani inahitaji maridhiano, na kwamba kiongozi anayetakiwa kutoa ushahidi mara tatu kwa wiki hawezi kuendesha serikali ipasavyo. Binafsi, alisema katika hotuba ya video siku hiyohiyo, angependa kesi iendelee mpaka asafishwe jina lake, lakini masilahi ya nchi yanadai vingine.

Tangu siku hiyo swali limekuwa moja: atasamehewa?

Wengi wanaolijibu huanzia kwenye mamlaka ya Rais Isaac Herzog, kana kwamba mamlaka ndiyo mwanzo na mwisho wa jambo. Mimi naona tuanze kwa kutazama anayeomba anaweka nini mezani. Viongozi wa nchi waliosamehewa makosa ya rushwa ni wengi kuliko tunavyodhani, na ukiwapanga mmoja baada ya mwingine unakuta karibu wote walikuwa wameshaachia kiti, kwa hiari au kwa kusukumwa, kabla ya kalamu ya msamaha kugusa karatasi. Netanyahu anaomba msamaha ili abaki. Ugumu wa ombi lake unaanzia hapo, na ndiyo maana uwezekano wa kukubaliwa jinsi lilivyoandikwa ni mdogo kuliko kelele zinazolizunguka.

Kwanza kesi zenyewe, kwa sababu miaka mingi ya mabishano imezifukia. Hati ya mashtaka ilitangazwa Novemba 2019 na Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Avichai Mandelblit, mtu ambaye kabla ya hapo alikuwa katibu wa baraza la mawaziri la Netanyahu mwenyewe. Ina sehemu tatu. Katika ile inayoitwa Kesi 1000, Netanyahu anadaiwa kupokea zawadi za sigara za kifahari na shampeni kutoka kwa matajiri wawili, mtayarishaji wa filamu Arnon Milchan na mfanyabiashara wa Australia James Packer, zote pamoja zikifikia thamani ya takriban shekeli 700,000. Katika Kesi 2000 anadaiwa kuzungumza na Arnon Mozes, mmiliki wa gazeti la Yedioth Ahronoth, juu ya kuandikwa vizuri gazetini kwa malipo ya kulibana gazeti shindani la Israel Hayom. Kesi 4000 ndiyo nzito kuliko zote na ndiyo pekee yenye shtaka la hongo dhidi yake: kwamba akiwa pia waziri wa mawasiliano alipitisha maamuzi yaliyoinufaisha kampuni ya simu ya Bezeq, na mmiliki wake Shaul Elovitch akamlipa kwa habari za kumpendeza katika tovuti ya Walla. Katika zote tatu kuna mashtaka ya ulaghai na kuvunja uaminifu. Netanyahu anakana yote na kusema ni njama ya polisi, waendesha mashtaka na vyombo vya habari.

Kesi ilifunguliwa Mei 2020 katika Mahakama ya Wilaya ya Jerusalem mbele ya majaji watatu. Mashahidi walioorodheshwa walizidi 300. Milchan alihojiwa mwaka 2023 kwa video akiwa Brighton, Uingereza. Netanyahu mwenyewe alipanda kizimbani kujitetea tarehe 10 Desemba 2024, katika chumba cha chini ya ardhi mjini Tel Aviv kilichochaguliwa kwa sababu za usalama, na mahojiano ya upande wa mashtaka yalianza Juni 2025 huku vikao vikiahirishwa mara kwa mara kwa ajili ya vita, safari na matibabu. Si kesi nyepesi kwa upande wa mashtaka pia. Mwaka 2023 vyombo vya habari vya Israel viliripoti kwamba majaji waliwadokeza waendesha mashtaka kuwa shtaka la hongo litakuwa gumu kuthibitishwa. Wapo basi wanaouliza kwa haki kabisa: kama serikali yenyewe haina hakika ya kushinda kwenye shtaka kubwa, kwa nini nchi iendelee kuumia? Swali hilo lina uzito. Lakini jibu lake linaweza kuwa hukumu ya kumwachia huru, na hukumu hiyo wanaoweza kuitoa ni majaji.

Sasa mamlaka. Sheria ya Msingi kuhusu Rais wa Nchi, ya mwaka 1964, inampa rais uwezo wa kuwasamehe wakosaji na kuwapunguzia adhabu. Haisemi kama mtu ambaye bado hajahukumiwa anahesabiwa kuwa mkosaji. Kwa miaka mingi pengo hilo lilibaki la kubishaniwa na wanasheria tu, mpaka lilipogeuka kuwa jambo la damu.

Aprili 1984 Wapalestina wanne waliteka basi la namba 300 lililokuwa likitoka Tel Aviv kwenda Ashkelon. Serikali ikasema watekaji wote wameuawa katika uokoaji. Kisha picha ya mpigapicha Alex Levac ikaonyesha mmoja wao akitolewa akiwa hai, akitembea kwa miguu yake. Wawili walikuwa wamekamatwa hai, wakapigwa hadi kufa mikononi mwa idara ya usalama wa ndani, Shin Bet, na wakubwa wa idara hiyo wakavuruga uchunguzi kwa ushahidi wa uongo. Mwanasheria Mkuu Yitzhak Zamir aliposisitiza polisi wachunguze, nafasi yake ikapewa mtu mwingine. Juni 1986 rais akawasamehe mkuu wa Shin Bet, Avraham Shalom, na wasaidizi wake watatu, kabla hata ya mashtaka kufunguliwa. Rais huyo aliitwa Chaim Herzog. Ni baba yake Isaac Herzog.

Wananchi na wanasheria walikwenda Mahakama ya Juu, na Agosti mwaka huo majaji watatu wakatoa uamuzi ambao leo unasomwa upya neno kwa neno. Rais wa mahakama Meir Shamgar na makamu wake Miriam Ben-Porat walisema rais anaweza kusamehe kabla ya hukumu. Aharon Barak akapinga: kwake, kumsamehe ambaye hajahukumiwa ni kuingilia kazi ya polisi, waendesha mashtaka na mahakama. Watetezi wa Netanyahu huishia kwenye idadi ya kura, wawili kwa mmoja, na kusema jambo limekwisha. Halijaisha. Shamgar aliufungua mlango huo kwa sharti kali: utumike katika hali za kipekee sana, pale masilahi makubwa ya umma au mazingira magumu mno ya mtu binafsi yanapodai, na hakuna suluhisho lingine la busara linaloonekana. Tena waliosamehewa mwaka 1986 walieleza mbele ya rais walichokifanya, na Shalom aliondoka kwenye uongozi wa Shin Bet. Mfano huo, ukiuchukua mzima, una kukiri na una kuondoka. Ombi la Novemba 2025 limechukua nusu yake tu.

Kuna pia njia ambayo ombi lenyewe hupitia. Rais hakai peke yake na kuamua. Maombi hupelekwa kwenye idara ya msamaha ya Wizara ya Sheria, ambayo hukusanya maoni ya mamlaka zinazohusika, waendesha mashtaka wakiwemo, kisha jalada hurudi kwa mshauri wa sheria wa rais. Saini ya rais huhitaji pia saini ya waziri, na waziri huyo ni wa serikali inayoongozwa na mwombaji. Hilo peke yake lingetosha kuipa Mahakama ya Juu kazi, kwa sababu rais mwenyewe hashtakiki kwa maamuzi ya kazi yake, lakini waziri aliyetia saini pamoja naye anaweza kuitwa kujieleza. Msamaha wowote usio na masharti ungefuatwa na malalamiko mahakamani ndani ya saa chache, na Herzog, ambaye ni mwanasheria, analijua hilo.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi mjadala huu wa kabla ya hukumu unaweza kuonekana wa ajabu, kwa kuwa katiba zetu zimeufunga mapema. Ibara ya 45 ya Katiba ya Tanzania inamzungumzia mtu aliyepatikana na hatia mahakamani. Ibara ya 133 ya Katiba ya Kenya nayo inamhusu aliyehukumiwa, tena rais huko sharti afuate ushauri wa kamati. Hata hivyo kufunga mlango wa msamaha hakumzuii mkubwa kutokea kwingine. Novemba 2022, takriban miezi miwili baada ya Rigathi Gachagua kuapishwa kuwa Naibu Rais wa Kenya, mahakama ya Nairobi ilikubali ombi la Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma la kuiondoa kesi ya ufisadi iliyokuwa ikimkabili, mashtaka ambayo alikuwa ameyakana. Israel nayo ina njia ya namna hiyo: Mwanasheria Mkuu anaweza kusimamisha mwenendo wa kesi. Ila anayekalia kiti hicho ni Gali Baharav-Miara, ambaye serikali ya Netanyahu ilipiga kura kumfukuza Agosti 2025 na Mahakama ya Juu ikazuia. Kwa hiyo, akiwepo yeye, njia hiyo haipitiki.

Turudi kwa viongozi wengine, maana hapo ndipo uwezekano unapopimika.

Mfano unaotajwa zaidi ni wa Rais wa Marekani Richard Nixon, aliyesamehewa na mrithi wake Gerald Ford tarehe 8 Septemba 1974 kabla ya kushtakiwa lolote. Unafanana na ombi la Netanyahu kwa kuwa ulitangulia hukumu, na hapo mfanano unaisha. Nixon alikuwa amejiuzulu mwezi mmoja nyuma. Zaidi ya hapo Ford alishikilia uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1915 kwamba anayepokea msamaha anabeba pia dhana ya hatia. Inasemekana alitembea na kipande cha uamuzi huo katika pochi yake. Hata kwa masharti hayo Wamarekani walimwadhibu. Umaarufu wake ulishuka kwa kasi, na mwaka 1976 akashindwa uchaguzi. Miaka mingi baadaye, mwaka 2001, alitunukiwa tuzo ya ujasiri inayobeba jina la John F. Kennedy, na wengi waliomlaani wakakubali kwamba alikuwa sahihi. Walikubali kwa sababu Nixon hakurudi kugombea tena.

Ufilipino walipata somo lingine. Rais Joseph Estrada aliangushwa Januari 2001, akahukumiwa kifungo cha maisha Septemba 2007 kwa uporaji wa mali ya umma, na wiki sita baadaye Rais Gloria Arroyo akamsamehe. Hati ya msamaha ilitaja kwamba Estrada alikuwa ametamka hadharani hatagombea tena. Mwaka 2010 aligombea urais na kushika nafasi ya pili. Mwaka 2013 akachaguliwa meya wa Manila, na mahakama kuu ya nchi hiyo ikaamua mwaka 2015 kwamba ahadi ile haikuwa sharti, kwa hiyo haimfungi. Mtu yeyote anayeandaa msamaha kwa mwanasiasa angepaswa kuisoma kesi hiyo kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Ahadi ya kuondoka isipoandikwa kama sharti lenye meno, ni maneno ya utangulizi tu.

Korea Kusini ndiyo yenye mazoea ya kusamehe kuliko zote, na watetezi wa Netanyahu wangependa kuitaja. Marais wa zamani Chun Doo-hwan na Roh Tae-woo walisamehewa Desemba 1997. Park Geun-hye Desemba 2021. Lee Myung-bak Desemba 2022. Lakini wote wanne walikuwa wameshahukumiwa na wote walikuwa wamelala gerezani. Park alikaa karibu miaka mitano kabla ya Rais Moon Jae-in kumwachia, akitaja afya yake na umoja wa taifa. Na msamaha wa Chun haukufuta fedha alizoamriwa kurejesha, zaidi ya woni bilioni 220; alifariki mwaka 2021 akiwa bado anadaiwa sehemu kubwa. Wakorea wenyewe wamechoka na utaratibu huu. Nchi iliyosamehe marais wanne imeendelea kuwapeleka wengine mahakamani, na sioni dalili kwamba msamaha uliwafundisha waliofuata kuogopa.

Malaysia iko karibu zaidi na yale ninayodhani Israel inaweza kufikia, yaani kupunguza bila kufuta. Waziri mkuu wa zamani Najib Razak alianza kutumikia kifungo cha miaka 12 Agosti 2022 katika kesi ya kampuni ya SRC. Februari 2024 ilitangazwa kwamba bodi ya msamaha chini ya mfalme imekata kifungo kikawa miaka 6, na faini ya ringiti milioni 210 ikawa milioni 50. Wafuasi wake walisikitika kwamba hakuachiwa, wapinzani wakakasirika kwamba amepunguziwa. Hatia ilibaki palepale, na kesi kubwa ya mfuko wa 1MDB ikaendelea.

Israel yenyewe ina historia yake kwa viongozi wakubwa, na ni historia kali. Rais wa zamani Moshe Katsav, aliyefungwa kwa ubakaji, aliomba msamaha na kunyimwa. Ehud Olmert, waziri mkuu wa zamani aliyeingia gerezani Februari 2016 kwa rushwa, naye aliomba akanyimwa na Rais Reuven Rivlin; alitoka mwaka 2017 kwa njia ya kawaida ya wafungwa. Olmert alikuwa ametangaza kuachia uongozi hata kabla ya kushtakiwa. Ni vigumu kueleza kwa raia wa Israel kwa nini aliyeondoka alinyimwa na aliyekataa kuondoka akubaliwe.

Hata hivyo ipo nguvu ambayo Olmert hakuwa nayo. Tarehe 13 Oktoba 2025, akihutubia Bunge la Israel, Knesset, siku mateka wa mwisho waliokuwa hai walipotoka Gaza, Rais wa Marekani Donald Trump alimgeukia Herzog mbele ya wabunge na kumtaka amsamehe Netanyahu, akizibeza zile sigara na shampeni. Tarehe 12 Novemba akamwandikia barua rasmi. Ombi la Netanyahu likafuata siku 18 baadaye. Tarehe 29 Desemba, akiwa na Netanyahu Florida, Trump alisema Herzog amemwambia msamaha uko njiani. Ofisi ya Herzog ikajibu haraka kwamba wawili hao hawajazungumza tangu ombi lilipowasilishwa.

Shinikizo hilo lina pande mbili. Israel inaitegemea Marekani kwa silaha na kwa kinga ya kidiplomasia, na rais wa nchi ndogo hawezi kujifanya hasikii. Lakini rais yuleyule akisaini leo, historia itaandika kwamba mwenendo wa mahakama ya nchi huru ulikatizwa kwa amri kutoka nje. Kadiri Trump anavyopaza sauti, ndivyo saini hiyo inavyozidi kuwa ghali kwa Herzog. Naamini sauti hiyo imemdhuru mwombaji zaidi kuliko ilivyomsaidia.

Na Herzog ni mtu wa namna gani? Aliongoza upinzani dhidi ya Netanyahu katika uchaguzi wa 2015 na kushindwa. Mwaka 2021 alichaguliwa rais na wabunge wa pande zote kwa kura 87 kati ya 120. Muhula wake ni wa miaka saba, unaisha Julai 2028, na sheria haimruhusu mwingine. Kwa hiyo hana kura ya kutafuta. Katika mgogoro wa mageuzi ya mahakama wa mwaka 2023 alijaribu kuwaketisha wote mezani, akaandaa mapendekezo, serikali ikayakataa siku hiyohiyo. Huyu ni msuluhishi kwa tabia. Mtu wa namna hii hapendi kusema ndiyo wala hapana. Hutafuta makubaliano, na akiyakosa huacha muda upite.

Kwa hiyo naona hivi. Msamaha kamili, bila kukiri na bila kuondoka, uwezekano wake ni mdogo sana. Kukataa moja kwa moja kunawezekana zaidi, ingawa Herzog atakwepa kufanya hivyo kwa sauti. Kinachowezekana kuliko vyote ni kuchelewa: jalada kuzunguka wizarani, maoni kuombwa, maswali kurudishwa kwa mawakili, huku vikao vya mahakama vikiendelea. Na chini ya ucheleweshaji huo, kuna mazungumzo ya kukiri makosa mepesi kwa kubadilishana na adhabu nyepesi. Mazungumzo ya aina hiyo yalifanyika Januari 2022 kati ya mawakili wa Netanyahu na Mandelblit, na kilichoyavunja kilikuwa doa la aibu linaloambatana na hukumu, ambalo katika sheria ya Israel lingemweka nje ya siasa miaka saba. Kifungo hakikuwa tatizo kubwa. Kiti ndicho kilikuwa tatizo, na ndicho tatizo mpaka leo.

Kiongozi wa upinzani Yair Lapid alilisema wazi siku ombi lilipotangazwa: pasiwe na msamaha bila kukiri, bila majuto na bila kuondoka mara moja kwenye siasa. Ni mpinzani, ana lake, lakini masharti hayo yanakaribia sana kile ambacho wote waliosamehewa niliowataja walilipa kwa namna moja au nyingine.

Jambo moja linaweza kuibadilisha hesabu hii yote. Sheria inataka uchaguzi wa Knesset ufanyike kabla ya mwisho wa Oktoba 2026. Akishinda, Netanyahu atasema wananchi wamekwisha kumhukumu, na Herzog atakuwa na wakati mgumu kuliko alionao sasa, ingawa kura za wananchi hazijibu swali la nini kilitokea kati ya Wizara ya Mawasiliano na Bezeq. Akishindwa, atakuwa raia mwenye kesi, bila wizara inayotia saini kwa niaba yake na bila hoja ya kwamba nchi haiwezi kuendeshwa akiwa kizimbani. Hapo kwa mara ya kwanza ombi lake litafanana na yale ambayo marais wengine wameyakubali, na Herzog atakuwa bado na karibu miaka miwili ya muhula wake.